Barua kwa Yaya Fundi: Watani watatu, ofisi moja Kamalondo

*Jambo sana Yaya Fundi. Tuko watu watatu katika ofisi ndogo hapa Kamalondo, Lubumbashi. Tunachora mabango, tunapiga chapa, tunapanga kurasa za kazi za wanafunzi. Mimi natumia Windows. Mwenzangu alirudi kutoka Afrika Kusini na Mac. Wa tatu, kijana wa chuo, ni mtu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure. Kila asubuhi ni utani. Mwenye Mac akinikuta nasubiri mashini iwake ananiuliza kama mgonjwa ameshameza dawa, yaani antivirusi. Kijana wa Linux anamwita yeye mfungwa wa gereza la dhahabu. Mimi nawaambia Mac ni kioo cha kujipodolea na Linux ni dini. Tunacheka sana. Juzi tumepata mteja anayetaka tumtunzie orodha ya mishahara ya wafanyakazi wake. Akauliza: katika hizi tatu, iliyo salama ni ipi? Tukanyamaza wote. Tuamue, Yaya. — Mwenye Windows, Kamalondo*

Mdogo wangu, asante. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu ya hilo neno "tukanyamaza". Kila asubuhi mna la kusema, na siku mtu alipouliza kwa kuwa pesa za watu zimo ndani yake, hakuna aliyefungua mdomo.

Utani wenyewe msiuache. Mnakaa karibu na uwanja wa Mazembe, mnajua juma la mechi na Lupopo linavyokuwa: mtu anamzuia shemeji yake mlangoni, na jioni wanakula bukari sahani moja. Ila angalia kitu kimoja. Shabiki wa Mazembe hatakuambia kwamba timu yake haijawahi kufungwa. Ukimuuliza, atakutajia hata yale mabao matatu ya Inter kwenye fainali ya klabu za dunia ya 2010, tena kifua mbele, kwa sababu tulifika huko. Mashabiki wa mashini ndio wanaosahau mabao waliyofungwa. Ngoja niwakumbushe.

Naanza na mwenye Mac, maana ndiye mwenye sauti kubwa. Mmoja wa virusi vya kwanza kabisa kujulikana kuenea kwenye kompyuta za watu wa kawaida uliitwa Elk Cloner, mwaka 1982. Uliandikwa na kijana Mmarekani wa miaka 15, Rich Skrenta, na ulikaa kwenye Apple II. Windows ilikuwa haijazaliwa. Uliruka kutoka disketi moja hadi nyingine, na disketi ikiwashwa mara ya 50 shairi linatokea kwenye kioo. Mac yenyewe ilikuja 1984, kwa hiyo mwenzako anaweza kusema hilo halimhusu. Nakubali. Basi twende mbele.

Kati ya 2006 na 2009 Apple ilikuwa na matangazo ya televisheni: wanaume wawili mbele ya ukuta mweupe, mmoja anajiita Mac, mwingine PC. Katika moja PC anapiga chafya, ameshikwa na virusi, anamwonya Mac akae mbali. Ule utani wa mgonjwa na dawa mnaofanyiana hapo ofisini una umri huo. Watu waliusikia miaka mingi hadi wakauamini kama kanuni. Kisha ikaja programu ya wahalifu iitwayo Flashback. Mwanzoni, 2011, ilijifanya ni programu ya kuchezea video, ikaomba iwekwe. Mwaka 2012 haikuomba tena: ilipitia tundu lililokuwa ndani ya Java, programu ya kuendeshea programu nyingine. Oracle, wenye Java, walikuwa wameliziba tundu hilo Februari. Lakini kwenye Mac Java ilikuwa inapitia mikononi mwa Apple, na kiraka cha Apple kilifika Aprili. Katika majuma hayo ya katikati mtu alifungua tovuti tu, akashikwa. Kampuni ya Urusi, Dr. Web, ikahesabu Mac zaidi ya 600,000. Mwaka huohuo Apple ikaondoa kwenye tovuti yake ile sentensi ya kujisifu kwamba Mac haipati virusi vya PC.

Sisemi Mac ni mbovu. Tangu 2012 inazuia programu isiyojulikana imetiwa saini na nani, na tangu 2015 sehemu za ndani kabisa za mfumo hazibadiliki hata mwenye mashini akitoa nenosiri lake. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ninachosema ni kwamba ulinzi huo ulijengwa na watu waliokubali kwamba wanaweza kufungwa bao.

Kijana wa Linux, na wewe kaa. Mimi Linux naipenda, sifichi. CD yangu ya kwanza ya Ubuntu, aina moja ya Linux, ilinifikia kwa posta, bure, enzi zile kampuni yake, Canonical, ilipokuwa inazituma dunia nzima. Nikasoma jina, nikamwita mama aje aone: hawa wameandika bumuntu, utu, juu ya mashini! Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Mapenzi hayo hayanizuii kukumbuka kwamba mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe mtandaoni, ulioangusha sehemu ya intaneti tarehe 2 Novemba 1988 ulikimbia kwenye mashini za Unix, ukoo uleule ambao Linux ilifuata nyayo zake mwaka 1991. Wala sisahau tarehe 20 Februari 2016, wezi walipoingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza watu wapakue mfumo uliotiwa mlango wa nyuma. Waliopakua siku hiyo walimkaribisha mwizi wenyewe, huku wakiamini wamekimbilia usalama.

Wewe wa Windows, mabao yako dunia nzima inayajua. Nitataja moja tu. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, programu ya kudai fidia, ilifunga kwa kufuli mafaili ya mashini zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kiraka chake Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili dawa ilikuwa mezani.

Sasa yaweke haya pamoja. Kwa Windows dawa ilikuwepo na watu hawakuinywa, kwa Mac ilichelewa kufika, kwa Mint watu waliokota kitu mahali palipokuwa pamechafuliwa. Rangi ya jezi haikumwokoa yeyote.

Kuna kisa kimoja nataka mkisome wote watatu mkiwa mmekaa. Machi 2024, mhandisi mmoja anaitwa Andres Freund alikuwa anapima kasi ya programu nyingine kabisa kwenye mashini ya Linux. Akaona kuingia kwenye mashini hiyo kutoka mbali kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde. Mtu mwingine angekunywa chai yake. Yeye akafuata uzi hadi akaukuta mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo Linux nyingi zinaitegemea. Aliyeutia alijiita Jia Tan. Alikuwa amekaa miaka miwili na zaidi anasaidia mradi huo kwa upole mpaka akapewa funguo. Tarehe 29 Machi Freund akautangazia ulimwengu, kabla haujasambaa kwenye seva nyingi. Na huyu Freund mshahara wake unatoka wapi? Microsoft.

Wazee wetu wanajua mtani ni nani. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Mbemba na Mngoni wanatukanana mwaka mzima, lakini kwenye msiba mtani ndiye anayefika na kushika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Freund alifanya kazi ya mtani. Ningependa mwenye Mac wa ofisini kwenu siku moja akuambie, "Ndugu, nimeona mashini yako haijasasishwa tangu Januari, lete nikusaidie," kisha ndipo akucheke.

Sasa mteja wenu. Hukumu yangu ni hii: orodha ya mishahara isikae kwenye mashini yako. Siyo kwa kosa la Windows. Ni kwa sababu wewe ndiye unayepiga chapa, na kwako ndiko flashi za mtaa mzima zinakochomekwa. Mlango unaopitiwa na kila mtu hauwekwi sanduku la pesa nyuma yake. Kati ya Mac na Linux, ulizeni mawili. Je, Mac hiyo bado inapokea masasisho, au ni ya zamani ambayo Apple imeshaiacha? Je, kijana wa Linux yuko tayari kufunga diski yote kwa nenosiri, ili mashini ikiibwa mwizi asisome kitu? Atakayejibu ndiyo kwanza, na kwa vitendo, atunze orodha. Mac nayo ina kufuli hilo, linaitwa FileVault. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje iliyofungwa vilevile, na isibaki imechomekwa. WannaCry na ndugu zake hufunga kila diski wanayoikuta imeunganishwa.

Na ninyi watatu, kila mmoja ajifungulie akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, ile ya msimamizi muiguse tu mnapoweka programu. Hapa Windows ya zamani ilitudhuru sana: kwenye XP karibu kila mtu alikuwa msimamizi bila kujua, na programu yoyote uliyoifungua ilikuwa na nguvu zako zote. Unix ilizaliwa kwa mashini moja yenye watu wengi, ikabidi itenganishe mwenye nyumba na wapangaji tangu mwanzo. Leo Windows nayo inauliza: *Voulez-vous autoriser cette application à apporter des modifications à votre appareil ?* Yaani, unairuhusu programu hii ibadilishe mashini yako? Lakini nimekaa nyuma ya wateja wengi nikitazama mkono, na kidole kinafika kwenye *Oui*, ndiyo, kabla jicho halijafika kwenye jina la programu.

*Yaya, nilipeleka flashi yenye TFC yangu nzima, yaani kazi ya kumaliza masomo, kwenye kibanda cha fotokopi. Kurudi nyumbani folda zote zimekuwa vitu vya KB 1, na kamshale pembeni. Rafiki yangu wa Linux akaifungua kwake, akaona kila kitu kipo, akasema Linux haishikwi, flashi ni nzima. Nikaichomeka kwenye mashini ya papa. Sasa na yake imeshikwa. Nimefanya kosa gani? — Mwanafunzi, Kampemba*

Pole sana, mwanangu. TFC yako haijapotea, hilo lijue kwanza.

Flashi ya namna hiyo nilikuwa nayo mezani hata juma hili, kwa hiyo nakueleza nilichokiona kwa macho. Kwenye Windows: folda nne, kila moja na kamshale kake, kila moja KB 1. Kwenye Linux: vile vinjia vya mkato vinne, faili moja la .vbs lenye jina la herufi zilizochanganywa ovyo, na folda moja isiyo na jina kabisa. Pale panapokaa jina palikuwa peupe, kwa sababu virusi vimeipa jina la nafasi tupu. Nikaifungua. Ndani kazi yote ya mwenyewe ilikuwa imekaa, sura ya kwanza mpaka marejeo. Virusi havikuharibu hata ukurasa mmoja. Viliihamisha na kuificha tu, ili wewe ubonyeze kamshale. Ukikabonyeza, kanafanya mambo mawili: kanaamsha lile faili la .vbs, halafu kanakufungulia folda yako ya kweli, usishtuke.

Mtindo huu una sababu. Zamani flashi ilijianzisha yenyewe ikichomekwa. Februari 2011 Microsoft ilipeleka sasisho la kuufunga mlango huo hata kwenye XP, na tangu hapo virusi vingi vya flashi vinahitaji kidole cha mtu.

Rafiki yako alisema kweli nusu. Mashini yake haikushikwa, kwa kuwa .vbs ni lugha ya Windows na Linux haiielewi. Flashi ndiyo iliyobaki na ugonjwa, naye akakurudishia mkononi pamoja na baraka. Hapo ndipo utani unapoumiza mtu: "kwangu haishiki" si sawa na "ni nzima". Aliyeuona mshale na lile faili alitakiwa akusafishie, akiwa yeye ndiye pekee aliyeweza kuigusa bila hatari.

Mrudie, bila ugomvi. Aingie kwenye ile folda isiyo na jina, akunakilie hati, picha na PDF peke yake. Asichukue chochote kinachoishia na .lnk, .vbs wala .exe. Kisha flashi aifomati. Kama humpati, fungua dirisha la amri kwenye Windows, tuseme flashi ni E, uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` na folda zilizofichwa zitajitokeza. Hapo usibonyeze kamshale kokote. Mashini ya papa yako, ingia *Sécurité Windows*, tafuta aina za uchunguzi, chagua ule wa *hors ligne*, yaani nje ya mtandao. Mashini itajizima na kuwaka tena na kuchunguzwa kabla Windows haijaamka, kama robo saa. Chunga umeme usikatike katikati. Ngoja saa ambazo kwenu huwa unatulia.

Ukimaliza, kwenye *Affichage* ya dirisha la mafaili weka alama ili mikia ya majina ya mafaili ionekane. Mwaka 2000 barua ya mapenzi yenye virusi kutoka Ufilipino ilizunguka dunia kwa ujanja huo tu: jina liliishia .TXT.vbs, Windows ikaficha mkia wa mwisho, watu wakaona maandishi ya kawaida wakafungua.

*Fundi, mimi ni mwalimu Katuba. Mashini yangu ina Windows 10. Walimu wenzangu wananiambia niandae sanda, Windows 10 imekufa. Sina pesa ya mashini mpya. — Mwalimu, Katuba*

Heshima kwako, Mwalimu. Haijafa, imeacha kutibiwa bure: Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026, na unaweza kujiandikisha bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Jiandikishe kwanza. Tatizo la Windows 10 litakuwa kila tundu jipya litakalogunduliwa na kubaki wazi, kwa hiyo kila mwezi bila sasisho unaongeza hatari.

Baada ya hapo, kwa kazi ya mwalimu, yaani mitihani, alama na barua, ningekushauri ujaribu Linux Mint. Unaiweka kwenye flashi na kuwasha mashini kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani. Uikague siku tatu ndipo uamue. Ni karibu gigabaiti 3, nami najua mega zinavyokula mshahara wa mwalimu, kwa hiyo utaichukua kwa mtu aliyekwisha kuipakua. Hapo kumbuka kisa cha Februari 2016. Kila toleo lina alama yake ya herufi na tarakimu 64, imeandikwa kwenye tovuti ya Mint. Mwambie huyo mtu akokotoe alama ya faili lake mbele yako, mlinganishe na ile ya tovuti kwenye simu. Ikitofautiana hata herufi moja, usichukue.

Na usikubali yule atakayekuletea Windows 11 au Office iliyovunjwa kufuli. Kazi ya kwanza ya programu hizo ni kukuambia uzime antivirusi. Hata watu wa Mac yaliwakuta Januari 2009: waliopakua iWork ya wizi, programu za ofisi za Apple, walipata na mgeni ndani yake.

*Yaya, nina kamera nne dukani, mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Aliyezifunga aliniachia nenosiri "admin". Mtoto wangu anasema haidhuru, ndani yake ni Linux. — Mama wa duka*

Mama, inadhuru sana. Mwaka 2016 programu ya wahalifu iitwayo Mirai ilikusanya kamera na ruta za namna hiyohiyo, zenye Linux ndani, kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri kama 60 ambayo viwanda na mafundi huyaacha. "Admin" ilikuwemo. Haikuvunja Linux, iliingia kwa ufunguo ulioachwa mlangoni. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo kamera hizo zikatumwa zote kwa pamoja kuipiga kampuni ya Dyn, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na tovuti kubwa za Marekani zikazimika saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Picha ziliendelea kuonekana.

Badilisha nenosiri leo kabla hujafunga duka, kwenye kamera zote nne na kwenye ruta. Kama hauhitaji kuzitazama ukiwa nyumbani, mwambie mtoto azime njia ya kuzifikia kutoka nje. Nenosiri jipya liandike kwenye daftari la nyumbani, si kwenye lile la madeni, maana hilo linakaa mezani wateja wakilisoma.